Meno ya Chini Kutangulia ya Juu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Mngoje mtoto amalize kung'oa meno ya utoto ndipo atibiwe."

Katika dhana zote, hii ndiyo inayoponza wengi. Mifupa ya uso wa mtoto haijashikamana kabisa, hivyo taya la juu lililobaki nyuma linaweza kuvutwa mbele. Kifaa chake huegemea paji la uso na kidevu, na vimpira vyake hunasa kwenye chuma kilichofungwa kwenye meno ya juu. Huvaliwa saa 12 hadi 14 kwa siku, usiku ukiwemo, kwa miezi kadhaa, na hufaa zaidi kabla ya miaka 10 hivi. Ndiyo maana chama cha mabingwa wa kupanga meno cha Marekani hushauri mtoto akaguliwe asipite miaka 7. Kukaguliwa tu, wengi hurudishwa nyumbani bila chochote.

Ila asikuhakikishie mtu kwamba hapo yamekwisha. Taya la chini huendelea kukua hata baada ya balehe, hasa kwa wavulana, na wapo ambao tatizo huwarudia.

"Waya za meno hurekebisha kila kitu."

Waya husogeza meno. Taya la mtu mzima hubaki lilipo. Tofauti ikiwa ndogo, ya juu husukumwa mbele na ya chini hurudishwa nyuma, pengine baada ya kung'oa magego madogo mawili ya chini. Meno yataumana vizuri, lakini kidevu kilichochomoza hakitarudi. Trei angavu za plastiki, zinazovishwa juu ya meno ili kuyapanga, nazo ni hivyohivyo.

"Upasuaji ni wa wapenda urembo."

Mwulize asiyeweza kukata chakula kwa meno ya mbele. Tofauti ya mataya ikiwa kubwa, upasuaji ndio hupanga mifupa yenyewe, na husubiri ukuaji ukome. Kwanza huvaliwa waya, mara nyingi mwaka mzima au zaidi, na katika kipindi hicho sura huweza kuonekana mbaya kuliko awali, kwa kuwa meno yaliyokuwa yakificha pengo la mifupa hunyooshwa. Kisha, chini ya nusu kaputi, daktari hukata mfupa kwa ndani ya mdomo na kuufunga kwa vibati na skrubu za titani. Mbinu ya kupasua taya la chini inayotumika mpaka leo inatokana na ile ya madaktari wa upasuaji Obwegeser na Trauner ya mwaka 1957. Mdomo wa chini kufa ganzi ni jambo la kawaida. Wengi hupona, baadhi hubaki nayo kwa kiasi. Uliza hili kabla ya kutia saini.

"Sukuma kidevu kwa mkono, au bana ulimi kwenye kaakaa."

Hakuna ushahidi kwamba hilo husogeza taya la mtu mzima.

"Lazima utibiwe."

Si lazima. Tofauti ikiwa ndogo, unatafuna bila shida na meno hayasagani hadi kulika, unaweza kuacha hivyo na kukaguliwa mara kwa mara.