Je, wajua kwa nini kampuni huweka picha mbaya ya mteja chini ya picha yake nzuri?

Fungua ukurasa wa bidhaa yoyote kwenye duka kubwa la mtandaoni. Juu kuna picha ya kampuni: nyuma peupe, mwanga umepangwa, hata chembe ya vumbi huioni. Shuka kidogo utakuta bidhaa ileile imepigwa na mteja usiku, nusu yake imefunikwa na kivuli cha mpigaji mwenyewe. Kampuni imelipa studio, ikalipa wasanifu, kisha ikaweka kwa hiari yake picha ambayo studio ingeifuta papo hapo. Kwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba watu wamechoshwa na matangazo yaliyong'arishwa, kwa hiyo kitu kikiwa na kasoro kinaonekana cha kweli. Jibu hili limekubalika mno hadi limezaa ajira: wapo watu wanaolipwa kurekodi video za simu zinazotikisika kidogo, wakiongea kama mteja aliyefungua kifurushi sasa hivi, na pengine hata kule kusitasita kumeandikwa kwenye mswada. Kampuni inatumia fedha na ujuzi kutengeneza kukosa ujuzi.

Ila si ubovu wa picha unaofanya kazi. Kampeni mbili zinatosha kuonyesha hivyo, kwa sababu kila moja inatenganisha ubora wa picha na mtu anayesema.

Mwaka 2015 Apple ilitangaza iPhone 6 kwa kubandika kwenye mabango picha zilizopigwa na watumiaji wa simu hiyo. Hakuna hata moja iliyokuwa hafifu. Zilikuwa picha za kustahili kufunika ukuta wa ghorofa, na mwaka huohuo tamasha la matangazo la Cannes Lions likaipa kampeni hiyo tuzo kuu ya matangazo ya mabango. Kama wateja huaminika kwa sababu picha zao ni mbaya, mabango yale yalipaswa kuanguka. Yalisimama kwa sababu picha zilitoka kwa watu waliokuwa na simu ileile mikononi mwao. (Ni kweli pia kwamba zilichujwa sana. Bango lilionyesha simu inaweza kufika wapi, siyo picha utakayopata wewe ukimpiga mtoto anayekimbia.)

Mfano wa pili umegeuzwa kichwa chini. Mwaka 2006 Chevrolet ilifungua tovuti ya gari lake la Tahoe, ikaweka vipande vya video na muziki, ikakaribisha umma kuvipanga na kuandika maneno yao juu yake. Picha zote zilikuwa za kampuni, safi kabisa. Baadhi ya watu wakaandika kuhusu gari linavyokunywa mafuta na dunia inavyozidi kupata joto. Gari linapita kwa madaha kwenye mandhari ya kupendeza, na maandishi yanalisuta. Matangazo hayo ya kejeli ndiyo yaliyozungumzwa sana, na usafi wa picha haukuiokoa kampuni.

Kwa hiyo jambo la kuuliza ni nani anasema, na kama angeweza kusema vinginevyo. Wa Tahoe waliweza, na wakasema.

Ubovu nao tusiunyime haki yake yote. Video inayofanana na za marafiki zako huenda ikakuzuia kuipita upesi unapoteremsha skrini. Lakini kuangaliwa ni jambo moja na kuaminiwa ni jingine, na mjadala mzima wa maudhui ya wateja umejaa watu wanaochanganya haya mawili.

Sasa, ushahidi wa mteja unafanyaje kazi? Mwaka 1970 mchumi Phillip Nelson alitenganisha sifa za bidhaa ambazo mnunuzi anaweza kuzikagua kabla ya kulipa na zile anazozijua baada ya kutumia. Ukubwa, uzito na rangi ni za aina ya kwanza. Kudumu, kustarehesha na kutopauka ni za pili. Kwenye aina ya kwanza neno la kampuni linatosha, maana uongo utaumbuka siku kifurushi kinafika. Kwenye ya pili neno lake halina uzito wowote, hata kama kampuni ni ya kweli tupu, kwa sababu ya kweli na ya uongo zote zitaandika "imara na ya kudumu." Sentensi ambayo kila mtu angeisema haimtofautishi yeyote. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini wao walikishika mkononi kwanza.

Mfikirie mdai mahakamani na shahidi wake. Mdai ana faida akishinda, na kila mtu ukumbini anajua. Hilo halifanyi hati yake ya madai iwe takataka. Bila hati hiyo hakuna kesi. Ni yeye anayesema nini kilitokea, lini, na anataka nini, na hivyo anamwekea shahidi mipaka. Shahidi asiye na madai ya kuyathibitisha atasimulia hali ya hewa ya siku ile na nguo alizovaa, yote kweli, na hakimu hatapata cha kuandika. Geuza: madai bila shahidi ni maneno ya mwenye shida. Nguvu inapatikana pale shahidi asiye na hisa katika matokeo anapogusa kipengele kilekile alichokitaja mdai. Na ikigundulika kwamba mdai ndiye aliyemwandikia shahidi maneno, hoja haipungui nusu tu. Ushahidi wote unatupwa, na mdai anatazamwa kwa jicho jipya.

Chukua begi la mgongoni. Picha ya kampuni inaonyesha begi limesimama lenyewe, na chini yake maelezo: lita 40, kilo 1.2, mfuko wa kompyuta. Mteja ameweka picha ya begi hilohilo likiwa limesukumwa kwenye kabati la juu ya kiti cha ndege, limevimba, na ameandika kwamba linaingia ila zipu ya mfuko wa pembeni hukwama ukilijaza. Zisome zikiwa zimetengana. Lita 40 ni namba isiyoonekana akilini, na begi lililovimba hujui limebeba nini wala kama ndilo hilo unalolitaka. Ziweke pamoja: lita 40 sasa ni kitu chenye umbo, na zipu inayokwama imefanya jambo ambalo idara ya masoko isingethubutu, imemhakikishia msomaji kwamba huyu mtu hakutumwa.

Zipu hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Kituo cha utafiti cha Spiegel katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilichapisha mwaka 2017 uchambuzi wa maoni ya wateja na mauzo mtandaoni. Uwezekano wa mtu kununua ulipanda kadiri nyota zilivyoongezeka, ukafika kilele kati ya wastani wa nyota 4.0 na 4.7, kisha ukaanza kushuka kuelekea 5. Yaani sifa zikikamilika, mnunuzi anarudi nyuma. Mashahidi kumi wakisema jambo lilelile neno kwa neno, hakimu huanza kuuliza walikutana wapi jana.

Wapo wanaochanganya picha za kampuni na za mteja ndani ya kazi moja badala ya kuziweka jirani. GoPro, watengenezaji wa kamera ndogo za michezo, mwaka 2018 waliomba wateja wa kamera mpya wawatumie vipande vya video, kisha wakatengeneza navyo filamu moja fupi na kugawa dola milioni 1 sawa kwa sawa. Waliochaguliwa walikuwa 56, kila mmoja akapata dola 17,857 na senti kidogo. Mruko kutoka mlimani ni wa mteja. Uhariri, mpangilio na muziki ni vya kampuni. Ukiitazama huoni mshono, na nadhani hapo ndipo palipo na hatari yake pia: uhariri ukizidi, shahidi anageuka mwigizaji.

Je, mchanganyiko unashinda kila upande peke yake? Mwaka 2012 comScore, kampuni ya vipimo vya mtandaoni, ilitoa pamoja na EXPO utafiti uliosema video za wateja na za kitaalamu huongezeana nguvu. EXPO ilikuwa ikikusanya video za wateja kama biashara, kwa hiyo naye ni mdai. Takwimu nyingi unazozikuta zikizunguka kuhusu jambo hili zina ugonjwa huohuo: zimetolewa na wauzaji wa programu za kukusanya picha za wateja. Kuna mtego mwingine. Anayeshuka hadi kwenye picha za wateja kwa kawaida ameshakaribia kununua, hivyo kusema "walioziona walinunua zaidi" hakuthibitishi kwamba picha ndizo zilizowasukuma.

Halafu kuna suala la mali. Mteja akiweka picha na hashtagi ya kampuni, hakimiliki inabaki kwake. Ruhusa huombwa, na ikiwezekana hulipiwa. Januari 2019 Apple ilitangaza shindano la picha za iPhone bila kutaja malipo, ikakosolewa, kisha ikasema washindi watalipwa ada ya leseni. Upande wa ushahidi wa kupikwa, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipitisha kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 21, 2024. Inakataza kununua na kuuza maoni bandia, yakiwemo yaliyoandikwa na akili mnemba, na pia inakataza kampuni kuficha maoni mabaya kwenye tovuti yake huku ikidai kwamba yanayoonekana ndiyo yote. Chini ya kanuni hiyo, kumfuta mwenye zipu iliyokwama na kuwaacha wenye nyota 5 peke yao kunaweza kuigharimu kampuni faini.