Nyumba zikipigwa mnada kodi inashuka? Wapi!

Kuna watu wanasemaga benki zikichukua nyumba za watu basi sisi wapangaji ndo tunakula raha, eti kodi itashuka. Aisee hapana. Angalia Marekani baada ya mgogoro wa mikopo ya nyumba wa 2008, bei ya kununua nyumba ilianguka kweli, ila yule aliyetolewa kwake hajapotea hewani, kaja kupanga, mnagombania naye nyumba zilezile, na ya kwake imekaa tupu miezi, majani yamefika dirishani, mpaka jirani asiyedaiwa hata senti nyumba yake inashuka thamani. Halafu 2012 Blackstone, kampuni kubwa ya uwekezaji, wakaanzisha kampuni ya kupangisha nyumba, Invitation Homes, wakanunua nyumba kwa maelfu, Phoenix, Atlanta huko, wakazipangisha. Bei ya mnada alifaidi mwenye keshi bwana.

Na kuna mpangaji analipa kila mwezi kumbe mwenye nyumba halipi benki, anashtukia karatasi imebandikwa mlangoni. Ndo maana 2009 hukohuko Marekani ikatungwa sheria mpangaji apewe angalau siku 90 kabla ya kutolewa, ikaisha mwisho wa 2014, ikarudishwa 2018, na kama ana mkataba halali mara nyingi anaumalizia, labda mnunuzi awe anataka kuhamia mwenyewe.