Kishika-kamera kinachoongozwa na daktari mpasuaji

Mwanamke wa Kongowea, Mombasa, akiambiwa faibroidi zake, yaani uvimbe wa kizazi, zitatolewa kwa matundu madogo, tena thieta, chumba cha upasuaji, kuna mkono wa roboti, nyumbani huzuka maswali: kwani mashine ndiyo itakayompasua? La. Mkono huu haukati wala haushoni. Unashika kamera, basi.

Katika upasuaji huo tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksaidi, kisha kamera nyembamba, mara nyingi ya milimita 5 au 10, hupitishwa kitovuni. Daktari hufanya kazi akitazama skrini. Kero ni kwamba mikono yake yote miwili ina vifaa, hivyo kamera, ambayo ndiyo jicho lake, hushikwa na msaidizi. Msaidizi akichoka, picha hutikisika. Akipitiwa kidogo, ncha ya kamera hugusa mafuta ya tumboni, kioo kikaingia ukungu, kamera ikatolewa kupanguswa, na kazi ikasimama. Aliyewahi kumshikia fundi tochi chini ya gari anaijua shida hiyo.

Kishika-kamera, yaani ule mkono wa roboti, hufungwa kando ya kitanda, na daktari hukiamuru mwenyewe: kwa sauti, kwa pedali, kwa kijiti kidogo au kwa kichwa. Kimojawapo, AESOP ya Marekani, kiliidhinishwa huko mwaka 1994. Kingine, EndoAssist ya Uingereza, kilifuata kichwa cha daktari, lakini hadi akanyage pedali kwanza. Bila hivyo kamera ingeyumba kila anapogeuka kumwomba nesi mkasi.

Kwa magonjwa ya wanawake faida yake huonekana zaidi, kwa sababu kuna kazi nyingine inayotaka mtu: kukaa katikati ya miguu ya mgonjwa na kuisukuma nyumba ya uzazi huku na huku kwa kifaa kilichoingizwa ukeni. Kamera ikijishikilia, mkono mmoja umepatikana. Na wakati wa kushona kizazi baada ya faibroidi kutoka, picha iliyotulia ni neema.

Damu ikiruka ghafla, hata hivyo, msaidizi hodari huivuta kamera nyuma kabla hajaambiwa; mashine husubiri amri. Halafu kuna suala la mafunzo, ambalo kwangu ni zito kuliko bei. Katika hospitali ya kufundishia kama Coast General, daktari mwanafunzi anayeshika kamera ndiye anayejifunza mrija wa mkojo utokao kwenye figo unapita wapi karibu na mshipa wa damu wa kizazi. Mkono wa chuma ukichukua nafasi yake, lazima apewe kazi nyingine pale pale mezani.