ST1100 ya zamani hapa Lubumbashi: injini iacheni, anzeni na waya

Pikipiki kubwa za safari ninazoletewa gereji hapa Lubumbashi, nyingi zimepita njia ileile. Ziliuzwa mpya Ulaya au Afrika Kusini miaka ya 1990, zikazeekea huko, kisha zikaingia kwetu kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nyingine ndani ya kontena lililoshukia Dar es Salaam. Ninayoipenda kuliko zote ni Honda ST1100, ambayo Ulaya iliuzwa kwa jina la Pan European. Ilitoka 1990 ikaendelea kutengenezwa hadi 2002, ST1300 ilipochukua nafasi yake. Injini yake ni ya V yenye silinda 4, cc 1,084, inapozwa kwa maji, na nguvu inafika gurudumu la nyuma kwa shafti. Cheni haina. Kwa mtu wa kwenda Kolwezi na kurudi, kilomita kama 300 kila upande, wakati wa vumbi, hilo peke yake ni sababu ya kuinunua.

Mwenye nayo akija, swali la kwanza huwa la injini. "Papa fundi, tuifungue tuone?" Hapana, usiifungue. Injini hii ukiibadilishia mafuta kwa wakati na kuipa kulanti (maji ya kupozea) safi, itakuzika. Kinachozilaza ST barabarani ni vile vinavyoizunguka injini: waya na mpira. Pikipiki ya miaka 30 ina mpira wa miaka 30, hata kama saa ya kilomita inaonyesha kidogo. Pesa ya rangi mpya na egzosi ya kelele ingoje.

Tuanze na umeme, maana ndio unaoacha wengi njiani.

ST za 1990 hadi 1995 zina alternata (jenereta ya kuchaji betri) ya ampea 28. Kuanzia 1996 Honda waliweka ya ampea 40. Ampea 28 kwa volti 14 ni wati 390 hivi. Toa taa ya mbele, toa mfumo wa cheche, toa pampu ya esansi (petroli), toa feni ya rejeta ikiamka, na utaona kwamba hakibaki kingi cha kuchezea. Lakini kwenye hizi za ampea 28 udhaifu wenyewe hauko kwenye alternata. Uko kwenye soketi moja ya plastiki, pale waya 3 za njano zinazotoka kwenye koili za alternata zinapokutana na waya za rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme huo uingie kwenye betri na kudhibiti volti. Umeme wote unaochaji pikipiki unapita hapo. Pini zikilegea kidogo, joto linapanda. Joto likipanda, pini zinazidi kulegea. Plastiki inageuka kahawia, mwisho inayeyuka. Betri inalaumiwa, inanunuliwa nyingine, na muda si mrefu nayo inalaumiwa.

Itafute hiyo soketi nyuma ya kava, uivute. Mara nyingi ndani ya pini utakuta unga wa kijani, kijani kilekile cha jiwe la malakiti wanalochonga na kuuzia wageni hapa mjini. Na kweli ni ndugu, maana yote ni shaba iliyokutana na hewa na unyevu. Malori ya shaba yanatupita mchana na usiku, halafu pikipiki inalala Likasi kwa sababu ya shaba isiyojaza kijiko!

Kabla ya kukata chochote, pima. Mita ya bei rahisi ya sokoni inatosha. Betri iliyopumzika iwe na volti 12.6 au zaidi. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 3,000 hivi taa ikiwaka: unatafuta kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kudhibiti na betri itachemka. Ikibaki 12 na kitu, chomoa waya za njano, washa tena, weka mita kwenye AC (umeme wa kupishana), upime kati ya ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Vipimo vyote 3 viwe sawa. Viwili vikiwa chini ya kimoja, kuna koili iliyoungua. Zima injini, upime kama waya yoyote ya njano inawasiliana na chuma cha injini. Haitakiwi kuwasiliana kabisa. Koili zikiwa nzima na soketi nzima, hapo ndipo uishuku rektifaya. Wengi wanaanza nayo kwa sababu ni rahisi kuifungua, na wauza vipuri hawana haraka ya kuwakataza.

Dawa ya soketi iliyoungua ni kuikata na kuitupa. Kwanza rudi nyuma kwenye kila waya mpaka ukute shaba inayong'aa, maana lehemu haishiki kwenye shaba nyeusi. Unga waya moja kwa moja, lehemu vizuri, kila kiungo ukivalishe mpira unaojikaza kwa joto. Viungo vipishane, visilale mahali pamoja. Usihangaike ipi iunge na ipi: zile 3 za njano ni ndugu, mpangilio wowote unachaji sawa.

Naulizwa pia kama alternata ya 40 inaweza kuhamishiwa kwenye ST ya ampea 28. Watu wamefanya, ila ni kazi ya kubomoa sehemu kubwa ya pikipiki, na vipuri vyake vinatoka kwenye ST nyingine iliyokufa. Mimi nashauri kupunguza matumizi: balbu za breki na za dashibodi ziwe za LED, taa za ziada pia. Wati zinazobaki tumia kwa vishikio vya joto. Wageni wanacheka nikitaja vishikio vya joto Lubumbashi. Waondoke saa 11 alfajiri, mwezi wa 7, kwenda Likasi, ndipo tuongee.

Badiliko la kwanza ninalolifanya kwa moyo wote ni relei za taa ya mbele, yaani swichi zinazowashwa kwa umeme. Umeme wa taa kama ulivyopangwa kiwandani unatoka kwenye betri, unapita swichi ya ufunguo, unapita swichi za mkononi, ndipo unafika kwenye balbu, na kila swichi yenye umri inakula kidogo. Pima nyuma ya balbu taa ikiwaka. Ukikuta volti 12 wakati betri ina 14, ujue mbili zimeishia kwenye swichi. Weka relei moja ya taa fupi na moja ya taa ndefu, waya nene yenye fyuzi kutoka kwenye betri, na swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamrisha tu. Balbu za kawaida zitakushangaza. Zile balbu za LED za kuchomeka kwenye taa iliyotengenezewa balbu ya waya sizipendi: zinatawanya mwanga kila mahali isipokuwa barabarani.

Kuna jambo la taa ambalo wanunuzi hawaambiwi. ST iliyotoka Afrika Kusini au Uingereza, taa yake fupi inanyanyua mwanga upande wa kushoto, kwa sababu huko wanaendesha kushoto. Kwetu tunaendesha kulia, kwa hiyo mwanga huo unamwingia machoni dereva anayekuja, na wa malori naye anakujibu kwa taa zake zote. Dawa kamili ni taa ya nchi za kulia. Ukiwa bado unaitafuta, simamisha pikipiki mbele ya ukuta usiku, tafuta kipande cha kioo kinachopandisha mwanga kushoto, ukifunike kwa teipu nyeusi. Wanaovuka kwenda Kitwe au Ndola waibandue, maana Zambia ni kushoto.

Sasa mpira. Kamshafti za ST, zile shafti zinazofungua valvu, zinazungushwa na mkanda wa mpira wenye meno, ulioko mbele ya injini nyuma ya kava. Kwa kilomita unadumu sana, ila mpira unazeeka hata ukiwa umesimama. Kama hakuna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini, ubadilishe. Ukikatika njiani safari imekwisha, na pengine injini nayo. Ukishatoa kava, pitisha kidole kwenye sili za kamshafti, maana mafuta yakivuja hapo yataumaliza na mkanda mpya. Valvu zenyewe huwa zinatulia: nafasi yake iwe milimita 0.16 za kuingiza, 0.25 za kutoa, injini ikiwa baridi kabisa. Pima, funga, endelea.

Kabureta 4 zimekaa katikati ya V, na kila moja imeshikwa na kola ya mpira. Kola ikipasuka, hewa inaingia bila kupita kwenye kabureta, na injini iliyopata moto inapanda na kushuka yenyewe ikiwa imesimama. Fundi mwenye haraka ataanza kuzungusha skrubu. Wewe puliza WD-40 kidogo kuzunguka kola, injini ikiwa bado haijapata joto. Mlio ukibadilika, umeshaona penye ufa. Na ukiwa umefika huko chini, badilisha mabomba yote ya kulanti yaliyojificha chini ya kabureta. Kurudi huko mara ya pili hutapenda.

Utaambiwa kwamba Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo lazima ubadilishe jeti, vile vitundu vinavyopima esansi kwenye kabureta. Kweli hewa yetu ni nyepesi kwa asilimia 10 hivi, lakini kabureta hizi zinaendeshwa na mvuto wa hewa yenyewe, zinajirekebisha kiasi cha kutosha. Buji zikiwa nyeusi, toa kwanza kichujio cha hewa, ukigonge chini, uone ni kiasi gani cha ardhi nyekundu ya Katanga kitamwagika. Jeti mpya pamoja na egzosi iliyo wazi ni kazi ninayoikataa. Unalipa ili pikipiki inywe zaidi na majirani wakuchukie.

Feni ya rejeta ijaribuni kabla ya foleni ya Kasumbalesa kuwajaribia. Chomoa waya kwenye swichi ya joto iliyoko kwenye rejeta, fungua ufunguo, gusisha waya kwenye chuma. Feni ikizunguka, lakini kwenye foleni huwa haiwaki, swichi imekufa. Isipozunguka, tafuta kwenye mota, fyuzi au waya.

Tangi liko chini ya kiti, lita 28, na ndiyo sababu ST ina pampu ya umeme: bila pampu hakuna tone linalopanda. Ukila lita 6 kwa kilomita 100 unafika Kolwezi ukiwa na esansi ya nusu ya njia ya kurudi, kwa hiyo huna haja ya kununua chupa za Kadhafi, wauza esansi wa kando ya barabara. Ukilazimika, hakikisha una kichujio cha ziada kwenye sanduku. Pampu iliyovuta maji na mchanga haisamehe.

Mipira ya breki ya kiwandani sasa hivi inavimba kila ukibana, ndiyo maana mkono unahisi laini. Weka mabomba yaliyosukwa kwa chuma, na mafuta ya DOT 4 yabadilishwe kila miaka 2. Foki nazo zinazama. Pikipiki hii ikijaa inapita kilo 300 kabla hujapanda wewe na mizigo, na springi za mbele zilikuwa laini hata zikiwa mpya. Springi ngumu zaidi na mafuta mapya ya foki ni badiliko ambalo mtu analihisi kwenye shimo la kwanza. Kipimo ni hiki: ukikaa juu yake ukiwa umevaa vya safari, mbele ishuke milimita 35 hadi 40, isizidi.

Matairi yanahitaji kupangiwa mapema. ST isiyo na ABS inavaa 110/80 ya inchi 18 mbele na 160/70 ya inchi 17 nyuma. Ile ya mbele usitegemee kuikuta dukani hapa. Agiza Lusaka au Johannesburg wakati la zamani bado lina meno. Soma namba 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi kabla ya kulipa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa stoo miaka 8 ni jipya kwa macho tu.

Kila gurudumu la nyuma linapotoka, yaangalie meno yanayoliunganisha na shafti. Futa grisi ya zamani, angalia kama ncha zake zimechongoka, kisha paka grisi yenye molibdeni nyingi, ile nzito nyeusi kama asilimia 60. Grisi ya beringi haifai hapo, haivumilii mgandamizo. Badilisha na oringi (pete za mpira) zake, bei yake ni ya soda. Meno yakiliwa, utanunua gurudumu au difu (sanduku la gia la nyuma), na vyote viwili havipatikani mjini.

Upepo ni ba 2.5 mbele na 2.9 nyuma, matairi yakiwa baridi, na upime kwa kipimo chako mwenyewe. Kwado, fundi wa matairi, naye umwambie kabla hajainama: rimu ni ya alumini, tairi halina chubu, ile nyundo aiweke mbali.