Je, wajua? Kwa nini fundi wa muziki huiachia sauti "nafasi ya kichwa"

Jumamosi moja nilikuwa harusini Bagamoyo, kiti changu kikawa jirani na meza ya mitambo. Mshereheshaji alipokuwa akiongea, taa za miksa zilipanda kijani, mara mojamoja njano. Kisha shangazi wa bibi harusi akapewa maiki awapongeze maharusi. Naye akaanza na vigelegele, maiki iko mdomoni kabisa. Taa zote zikaruka nyekundu, spika zikakwaruza, watoto wakaziba masikio. Fundi akamwendea mbio: "Shikamoo shangazi, naomba uisogeze mbali kidogo." Aliporudi akashusha geini, yaani kiasi mitambo inavyoikuza sauti ya maiki, akaniambia: "Hedirumu iliisha."

Neno hilo ni la Kiingereza, headroom, na asili yake si muziki. Ni ule uwazi unaobaki kati ya utosi wako na kilicho juu yake. Ukiinama kupita mlango mfupi, au ukisimama ndani ya kipanya shingo imekunjwa, umekosa uwazi huo. Wajenzi huipima nafasi hiyo kwenye ngazi. Uingereza kanuni zao zinataka isipungue mita 2. Huko huko, daraja lililo chini ya futi 16 na inchi 6 kutoka barabarani kwa kawaida huwekewa kibao, dereva wa lori ajue mapema.

Sasa sauti nayo inagonga dari gani? Kwenye mitambo ya kidijitali dari ni sifuri desibeli (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na vipimo vyote vya chini yake husomwa kwa alama ya kutoa. Rekodi ya biti 16, yaani kila kipimo kimeandikwa kwa tarakimu 16 za 0 na 1, ina ngazi 65,536 za kuandikia kimo cha wimbi. Wimbi likitaka kupanda juu ya ngazi ya mwisho, halina pa kuandikwa, basi kilele chake hukatwa bapa kama kichuguu kilichopigwa jembe. Ubapa huo ndio sikio linausikia kama mkwaruzo, na ukisharekodiwa hivyo kuurudisha ni kazi ngumu.

Ndiyo maana wengi hurekodi vilele vikiishia kama desibeli 12 chini ya dari. Kila desibeli 6 ni kama mara mbili ya kimo cha wimbi, kwa hiyo anayeacha 12 amempa mpiga ngoma ruhusa ya kupanda mara nne kabla ya kugonga. Na mpiga ngoma ataitumia! Bagamoyo ni mji wa TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni, ngoma hazikosekani, na anayezisikiliza anajua tabia ya wapigaji: wakati wa kupima mitambo wanapiga kama hawajala, watu wakishaanza kucheza mikono inapata moto.

Mimi kwa Kiswahili ningeiita akiba. Tunasema akiba haiozi, ila zama za kanda akiba hii ilioza: ukirekodi chini mno ili uwe salama, ukija kupandisha sauti inapanda pamoja na ule mvumo wa kanda, shhhh, mpaka kaswida inasikika kama imerekodiwa mvuani. Fundi wa zamani alitembea katikati ya mvumo na mkwaruzo. Wa leo mwenye biti 24 ana takriban desibeli 144 za kuchezea kati ya mvumo na dari kwa hesabu ya makaratasi, dhidi ya 96 za biti 16, hivyo hana sababu ya kuibania akiba.

Wanaohesabu fedha nao wanalo neno hilo, kwa maana ya kiasi unachoweza bado kukopa au kutumia kabla ya kufika kikomo. Wapiga picha wanalo pia. Siku ile mpiga video alirudi nyuma hatua mbili alipomwelekea shangazi, ili juu ya kichwa chake ibaki nafasi kidogo. Sikumsikia akitaja hedirumu. Alimwambia msaidizi wake tu: "Angalia kilemba kisikatwe."