Tam O'Shanter: Mashindano ya Gofu Yaliyosimama Juu ya Mfuko wa Mtu Mmoja

Anayepitia orodha ya wachezaji waliovuna fedha nyingi zaidi katika gofu ya kulipwa nchini Marekani miaka ya 1950 hukutana na jambo ambalo ubora wa uchezaji peke yake hautoshi kulieleza. Kuanzia 1952 hadi 1957, kila aliyeongoza orodha hiyo alikuwa pia bingwa wa shindano lilelile: World Championship of Golf, lililochezwa katika klabu ya Tam O'Shanter, mji wa Niles, jirani kabisa na Chicago. Julius Boros aliongoza 1952, Lew Worsham 1953, Bob Toski 1954, Boros tena 1955, Ted Kroll 1956 na Dick Mayer 1957. Mayer alimaliza mwaka wake akiwa na dola 65,835. Mwaka uliofuata shindano halikuwapo tena, na Arnold Palmer akaongoza orodha kwa dola 42,608 tu.

Mimi hufuatilia historia ya fedha na uendeshaji wa mashindano ya gofu, na sijaona mfano mwingine ambapo kufutwa kwa shindano moja kuliacha pengo la wazi namna hiyo katika hesabu za mchezo mzima. Ndiyo maana nasikitika ninapoona Tam O'Shanter likitajwa kwa aya moja ya vituko na kupitwa. Mengi tunayoyaona leo kuwa ya kawaida katika gofu ya kulipwa yalipewa nafasi pale mapema kuliko kwingine, na namna lilivyokufa inaeleza vizuri jinsi lilivyokuwa limejengwa.

Aliyelijenga ni George S. May, mfanyabiashara aliyepata utajiri wake kwa kampuni ya ushauri wa uendeshaji wa viwanda na biashara. Mwaka 1941 alianzisha mashindano ya wazi katika klabu yake, na Byron Nelson akayatawala miaka ya mwanzo. Mwaka 1946 akaongeza juu yake World Championship, ambayo mara ya kwanza ilikuwa ya wachezaji wanne walioalikwa, Sam Snead, Ben Hogan, Byron Nelson na Lloyd Mangrum, huku mshindi akichukua dola 10,000 zote na watatu waliobaki wakiondoka mikono mitupu. Snead ndiye aliyeshinda. Baadaye shindano likapanuliwa, na wanawake wakawekewa mashindano yao katika uwanja huohuo, ambako Babe Zaharias na Patty Berg walishinda zaidi ya mara moja.

May aliona kwamba gofu ilikuwa ikiwatendea watazamaji kama wageni wasioalikwa. Akashusha bei ya tiketi, akajenga majukwaa ya kukalia, akaruhusu watu waje na familia na vyakula vyao, na akatumia redio za mawasiliano kupeleka matokeo kwenye mbao za alama ili mtu aliye mbali na kiongozi ajue kinachoendelea. Alitaka pia wachezaji wavae namba ili mtazamaji mgeni awatambue, jambo lililowaudhi wengi wao, kwa maana waliona linawashushia heshima. Yeye mwenyewe alizunguka uwanjani na mashati ya maua yenye rangi kali. Waliomdharau walishikilia mashati hayo na kuacha hoja yake: mchezo wa kulipwa hauna budi kuwa na watu wanaoulipia.

Hoja hiyo ilipata ushahidi wake Agosti 1953, wakati May alipoilipa televisheni ya ABC ionyeshe mwisho wa shindano moja kwa moja kwa nchi nzima, jambo ambalo gofu ilikuwa haijawahi kufanyiwa. Kamera ilikuwa moja tu, imewekwa juu nyuma ya shimo la 18. Chandler Harper alikwisha maliza kwa mikwaju 279 na alikuwa tayari akipongezwa. Aliyebaki uwanjani ni Worsham, ambaye alihitaji kumaliza shimo hilo la mikwaju minne kwa mikwaju mitatu ili wafungane na waamuliwe kwa mchezo wa ziada. Baada ya mkwaju wake wa kwanza alikuwa amebakiwa na kama yadi 104, sawa na mita 95 hivi. Akachukua weji, fimbo ya kuinua mpira kwa umbali mfupi, na kupiga. Mpira ukatua sehemu ya mbele ya uwanda wa shimo, ukabiringika moja kwa moja mpaka ukaingia. Amemaliza kwa mikwaju miwili, jumla 278, bingwa kwa tofauti ya mkwaju mmoja, na zawadi ya dola 25,000 ikawa yake. Jimmy Demaret, mchezaji mwenzao aliyekuwa kwenye maikrofoni, alishindwa kuuzuia ulimi wake hewani.

Worsham huyohuyo ndiye aliyekuwa ameshinda U.S. Open, shindano la ubingwa wa wazi wa Marekani, ya 1947 huko St. Louis, ambayo pia ilionyeshwa kwenye televisheni, lakini kwa wakazi wa mji ule tu. Mwaka mmoja baada ya mkwaju wa Tam O'Shanter, U.S. Open ilionyeshwa nchi nzima, na Masters, shindano jingine kubwa, ikafuata 1956. Sidai kwamba mpira mmoja ulioingia shimoni ndio ulioyaleta yote hayo, kwa kuwa televisheni ilikuwa inaenea kwa kasi hata bila gofu, lakini ni vigumu kufikiria tangazo bora zaidi kwa mtangazaji aliyekuwa bado anasitasita.

May hakungoja. Kwa 1954 alipandisha zawadi ya kwanza hadi dola 50,000, na juu yake akampa mshindi mkataba wa kucheza maonyesho 50 kwa dola 1,000 kila moja. Mwaka huohuo Ed Furgol alipata dola 6,000 kwa kushinda U.S. Open. Toski, mtu mwenye umbo dogo ambaye wengi hawakumtarajia, akafunga mwaka na dola 65,819, nyingi zikiwa zimetoka katika wiki moja ya Agosti. Hapo ndipo orodha ya mapato ilipopoteza maana yake ya zamani. Ilikuwa bado inapima fedha, lakini haikupima tena mwaka mzima wa mchezaji.

Lipo jambo jingine ambalo nalipa uzito kuliko zawadi. Katiba ya PGA ya Marekani, chama cha wachezaji wa gofu wa kulipwa, ilikuwa na kifungu kilichotaka wanachama wawe wazungu, nacho hakikuondolewa hadi 1961. Wakati huo wote wachezaji weusi walikuwa na mashindano machache sana makubwa ya kuingia, na Tam O'Shanter lilikuwa miongoni mwake. Ted Rhodes na Charlie Sifford walicheza pale, na bingwa wa ndondi Joe Louis alishiriki upande wa ridhaa. May alikuwa mfanyabiashara na huenda alihesabu pia tiketi ambazo majina hayo yangeuza. Hata hivyo, mlango aliufungua wakati wenzake wengi waliufunga.

Mwisho ulikuja baada ya shindano la 1957. May na PGA walikuwa wamevutana kwa miaka, na safari hii hawakuelewana, naye akafuta mashindano yote kwa uamuzi wake mwenyewe. Hapakuwa na kamati ya kumpinga, wala mdhamini mwingine wa kushika nafasi yake, kwa sababu uwanja, fedha na mpango vyote vilikuwa vyake. Alifariki 1962. Sehemu kubwa ya ardhi ya klabu iliingia katika matumizi mengine, na kilichobaki leo ni uwanja wa umma wa mashimo tisa.

Mwaka huohuo wa 1962 ilianza World Series of Golf huko Akron, Ohio, ya wachezaji wachache walioalikwa kwa siku mbili, na Jack Nicklaus akaondoka na dola 50,000 ambazo hazikuhesabiwa katika orodha rasmi. Kiasi hichohicho, safari hii kikihesabiwa rasmi, alikishinda katika Westchester Classic ya 1967, miaka 10 baada ya May kulipa zawadi yake ya mwisho.