Hofu zilizopotoka: dhana na ukweli kuhusu matembezi ya familia wakati wa likizo

Shule zinapofungwa, familia huanza kupanga matembezi ya siku moja: ufukweni, kwenye makumbusho, bustani ya wanyama, maonyesho, tamasha la watoto au siku ya michezo katika uwanja wa jirani. Katika mipango hiyo huingia imani nyingi ambazo wazazi wamezipokea kwa wazazi wao bila kuzihoji. Zikichunguzwa moja moja, nyingi huonekana kuwa na kasoro ileile: humfanya mzazi aogope jambo lisilo na madhara, huku hatari yenyewe ikipita mbele yake bila kutambuliwa.

Dhana ya hatari kuliko zote ni ile isemayo kwamba mtoto anayezama atapiga kelele na kupunga mikono, kwa hiyo watu wazima walioketi karibu na maji watamsikia. Francesco Pia, aliyefanya kazi ya kuokoa waogeleaji huko New York na kuchunguza picha za filamu za watu waliokuwa wakizama kweli, alionyesha kuwa mambo huwa kinyume kabisa. Mdomo wa anayezama hushuka chini ya maji na kuibuka kwa muda mfupi usiotosha hata kuvuta pumzi vizuri, sembuse kuita. Mikono haipungi, kwani hunyooka pembeni na kuyakandamiza maji ili kichwa kipate kuinuka. Mwili husimama wima, miguu haipigi maji, na yote hayo huchukua kati ya sekunde 20 na 60 kabla ya mtu kutoweka. Anayetazama kutoka mbali huweza kudhani kwamba mtoto amesimama tu akitazama juu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Wapo wanaojifariji kwamba watu wazima wakiwa wengi, watoto wako salama zaidi. Kwa bahati mbaya, wingi huo mara nyingi huzaa uzembe, kwa kuwa kila mmoja huamini kuwa mwenzake anaangalia. Kilicho bora ni mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, asiyeshika simu wala kunogewa na mazungumzo, anayelinda kwa zamu fupi na kutamka waziwazi anapomkabidhi mwingine: “Sasa ni zamu yako.” Mtoto asiyejua kuogelea awe karibu kiasi cha kufikiwa kwa mkono. Maboya ya kupuliza yanayovaliwa mikononi ni vitu vya kuchezea, na hayachukui nafasi ya jaketi la kuokolea maisha.

Ajabu ni kwamba mzazi huyohuyo anayesinzia karibu na maji huwa mkali kuhusu saa ya chakula, akiwakataza watoto kuogelea hadi ipite nusu saa au saa nzima baada ya kula. Mmeng’enyo huvuta damu zaidi tumboni, lakini misuli haipungukiwi kiasi cha kumfanya mtu azame. Mwaka 2011 wataalamu washauri wa Msalaba Mwekundu wa Marekani waliupitia ushahidi uliokuwapo na hawakupata uthibitisho wa kuhalalisha katazo hilo. Aliyeshiba sana anaweza kuhisi uzito, na hapo ndipo suala hilo linapoishia.

Sukari nayo imesingiziwa mengi. Kwenye sherehe na matamasha ya watoto husikika kauli kwamba vitu vitamu ndivyo vinavyowatia wazimu. Mwaka 1995 uchambuzi uliojumlisha majaribio 23, ambamo si watoto wala watathmini waliojua nani amepewa sukari na nani hakupewa, haukupata athari yoyote juu ya tabia ya watoto. Jaribio jingine, la mwaka 1994, linachekesha na kufundisha kwa pamoja: akina mama walioambiwa kuwa wana wao wamepewa sukari, ilhali hawakupewa, waliwaona watoto hao kuwa watundu zaidi, wakawakosoa zaidi na kukaa karibu nao zaidi. Sababu za vurugu za watoto ni rahisi kuziona: muziki wa juu, umati wa wenzao, msisimko, na usingizi wa mchana uliorukwa. Sukari ipunguzwe kwa ajili ya meno na afya, lakini anayetaka utulivu atafute kona yenye kivuli na nusu saa ya ukimya.

Tukitaja kivuli, hakuna udanganyifu ulio mpole kama wa siku ya mawingu. Kwa mujibu wa WHO, hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, yaani miale ya jua isiyoonekana ambayo huunguza ngozi, hupenya mawingu mepesi. Mchanga mkavu wa ufukweni huakisi takribani asilimia 15 ya miale hiyo, na nusu mita chini ya maji nguvu yake bado ni kama asilimia 40 ya ile iliyo juu. Joto tunalolihisi halitupi kipimo cha miale hiyo, ndiyo maana mtu huungua siku yenye upepo mwanana. Ngozi nyeusi ina kinga kubwa zaidi ya asili, lakini macho hayana kinga hiyo. Kofia pana, nguo nyepesi yenye mikono, na mafuta ya kujikinga na jua yanayopakwa upya kila baada ya saa mbili na baada ya kutoka majini vinatosha.

Kuhusu gari lililoegeshwa, maneno ni machache: kuteremsha kioo kidogo hakumlindi mtoto aliyeachwa ndani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la tiba ya watoto nchini Marekani ulionyesha kuwa asilimia 80 ya ongezeko la joto ndani ya gari hutokea katika dakika 30 za mwanzo, na kwamba vioo vilivyoachwa wazi kidogo havikuleta tofauti ya maana, hata katika siku ambazo hazikuwa na joto kali nje.

Kwenye maonyesho na matamasha, hofu kubwa ya mzazi ni mtoto kupotea, na hapa pia mafundisho yetu yanahitaji kurekebishwa. Agizo la “usizungumze na mtu usiyemjua” humwacha aliyepotea bila msaada, kwa kuwa katika umati karibu kila mtu hamjui. Afadhali aelekezwe ni nani wa kumwendea: mfanyakazi wa mahali hapo mwenye sare, au mama aliye na watoto. Afundishwe pia kubaki alipo, kwa maana mtoto anayetembea huweza kuingia sehemu ambayo imekwisha kupekuliwa. Aidha, ajue jina kamili la mzazi wake, kwani akiita “Mama!” uwanjani watageuka akina mama wote. Picha iliyopigwa kwa simu asubuhi hiyo, ikionyesha nguo na viatu alivyovaa, ina faida kuliko maelezo ya mzazi aliyechanganyikiwa, ambaye mara nyingi hakumbuki hata rangi ya shati.

Iko pia imani kwamba polisi hawapokei taarifa mpaka zipite saa 24. Haina msingi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 inakataza kabisa polisi kuweka muda wa kusubiri mtoto anaporipotiwa kupotea, na popote pale busara ni kuwajulisha waandaaji wa tukio na polisi mara moja.

Inabaki hofu ya mfukoni, kwamba bila fedha nyingi na ratiba iliyojaa likizo itakuwa imepotea. Makumbusho ya taifa nchini Uingereza hayatozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu tangu mwaka 2001, na maktaba za umma katika nchi nyingi huandaa shughuli za watoto bila malipo, ingawa bila malipo haimaanishi bila kujiandikisha. Wanaodai kuwa makumbusho si mahali pa watoto wamechelewa sana, kwa sababu jumba la makumbusho la watoto la Brooklyn, jijini New York, lilifunguliwa mwaka 1899. Tatizo huwa ni kulazimisha kila chumba kitazamwe. Mtoto mdogo akipewa vitu vitatu vya kuvitafuta, kisha akaachwa akae mbele ya kimoja kwa muda anaoutaka, hunufaika kuliko yule anayeburutwa kutoka ukumbi hadi ukumbi.

Ratiba iliyojaa ina kasoro nyingine. Tafiti za mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1993, zilionyesha kuwa mtu hukumbuka tukio zaidi kwa kilele chake na mwisho wake kuliko kwa urefu wake. Kwa hiyo saa ya kuondoka ipangwe mapema kama ile ya kufika, kabla ya watoto kuchoka na kuanza kulia kwenye foleni ya geti, na jambo la mwisho kabla ya kutoka wachague wao.